Pijo Mbili, Namba Moja

Wiki ya harusi ya binti yake, Mzee Khalil alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwatambia wakwe, nacho kilikuwa uani kwake Ilala, kimefunikwa kwa shuka mbili za kitanda. Ilikuwa Pijo 404 nyeupe, gari la marehemu baba yake, ambalo tangu enzi za baba huyo lilikuwa likiwapeleka ukumbini maharusi wa Kariakoo na mitaa ya jirani. Mabinti wa watu wote walikuwa wamepanda. Jumamosi hii ilikuwa zamu ya Rahaf, mtoto wake wa pekee, na Khalil alikwisha kuapa kwamba siku hiyo angevaa kanzu mpya, angeendesha mwenyewe, na ole wake dereva wa bajaji atakayethubutu kumsogelea.

Jumatatu asubuhi alilitoa kwenda kujaza upepo. Alipofika Mnazi Mmoja, kwenye foleni, akageuza shingo na kujikuta analitazama gari lake. Alifumba macho, akafumbua. Pijo nyeupe, taa za duara, namba za usajili zile zile, herufi kwa herufi. Kwa jinsi alivyoshtuka, alishika stelingi kwa mikono miwili ahakikishe kwamba bado amekaa ndani ya la kwake.

Dereva wa gari la pili, bwana mmoja mnene aliyevaa shati la drafti, naye alikuwa ameachama. Akashuka pale pale barabarani.

"Mzee Khalil! Shikamoo mzee wangu. Sasa hii nini tena?"

"Marahaba. Wewe nani, na namba yangu umeipata wapi?"

"Mimi Melkiori, nauza vyombo kwa jumla pale Mtaa wa Mchikichi. Namba imekuja na gari, na gari si umeniuzia wewe?"

"Mimi? Nimekuuzia lini?"

"Mwezi uliopita, kupitia kwa yule dalali wako. Mzee, usinifanyie hivyo bwana. Mkataba ninao, una sahihi yako!"

Honi zilikuwa zinapigwa kama vile Simba na Yanga wametoka uwanjani pamoja. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Mapacha hao! Kamleteni mama yao aseme nani kazaliwa kwanza!" na foleni nzima ikaangua kicheko. Khalil hakucheka. Alikuwa mtu asiyependa hata jirani ajue amekula nini mchana, na sasa mambo yake yalikuwa yamemwagwa hadharani, katikati ya Mnazi Mmoja. Trafiki alikuja, akayazunguka magari yote mawili, akavua kofia na kujikuna kichwa. Kisha akaamuru yapelekwe kituoni.

*

Kituoni, Khalil aliketishwa benchi moja na kijana aliyeshikwa na kuku wa watu. Kijana alimwamkia kwa adabu zote, akamuuliza, "Na wewe mzee, wamekukuta na nini?" Khalil akasogea hadi mwisho wa benchi. Wakati wote huo Sajini Agnesi, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alikuwa amepanga karatasi za pande zote mbili mezani na kuzilinganisha.

"Mzee wangu," akasema hatimaye, "kadi mbili hizi zimefanana kila kitu. Namba ya chesisi ni moja, namba ya injini ni moja. Na hapa kuna mkataba wa mauzo, na sahihi yake imefanana na hii uliyotia sasa hivi mbele yangu. Huyu bwana anasema ulimuuzia gari halisi, ukajitengenezea jingine la kuendelea kupigia biashara."

"Uongo!"

"Inawezekana. Nionyeshe basi kitu kinachothibitisha kwamba hili unaloendesha ndilo la siku zote. Fundi wako ni nani?"

"Sina fundi. Nalitengeneza mwenyewe."

"Kuna aliyewahi kukuona ukilitengeneza?"

"Nafunga geti."

"Picha? Gari la harusi haliwezi kukosa picha."

Picha zilikuwepo, tena nyingi. Lakini Khalil kwa miaka yote, kabla ya kutoka nyumbani, alikuwa akifunika namba za gari kwa utepe mpana na maua ya plastiki, watu wabaya wasije wakazinakili. Katika picha zote ilionekana Pijo nyeupe yenye maua, na Pijo nyeupe yenye maua ingeweza kuwa yoyote kati ya zile mbili zilizosimama nje. Alipomweleza Sajini hivyo, kichwa kilimwinama chenyewe.

Melkiori naye alikuwa ameloa jasho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Khalil.

"Mzee, mimi na mke wangu tulioana ndani ya gari hili. Yaani hili au lile, sijui tena. Nikaambiwa unaliuza. Ningewezaje kuliacha? Nilitaka nimpelekee zawadi siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu."

"Na hukuweza kuja dukani kwangu kuniuliza?"

"Dalali alinikataza. Alisema mzee anaona aibu kuuza mali ya baba yake, ukimuuliza atakuruka mbele za watu. Mimi nikaamini. Nani asiyekujua wewe? Dukani kwako hata bei ya udi unamnong'oneza mteja sikioni!"

Kijana wa kuku alicheka hadi akakohoa. Sajini Agnesi aliinamia karatasi zake, mabega yakimtikisika.

"Na huyo dalali," akauliza alipotulia, "namba na sahihi alizitoa wapi?"

Melkiori akatoa simu. Ndani yake mlikuwa na picha ambayo dalali alimtumia kama ushahidi wa mwanzo: kadi ya gari ya Mzee Khalil, pande zote mbili, inasomeka vizuri mpaka sahihi, na chini yake kibati cha chesisi kimepigwa picha kwa karibu, kimesuguliwa kiking'aa. Ilikuwa imenaswa kutoka kundi la WhatsApp la wapambaji na wakodishaji wa vitu vya harusi, jina la mtumaji likiwa juu. Aliyeituma ni Zeina, mke wa Khalil.

*

"Mdomo wako hauna komeo, Zeina!" Khalil alianza kabla hajavua viatu. "Umechukua kadi yangu kabatini, umeipiga picha, ukaianika kwa walimwengu! Umebakiza nini? Si ungewapa na ufunguo?"

Zeina alikuwa anapanga sanduku la bibi harusi, vitenge na manukato yamemzunguka. Akaweka chini alichoshika.

"Kuna mtu aliandika kundini kwamba gari letu ni mkweche ulioungwaungwa. Wakwe wa Rahaf wamo humo, Baba Rahaf. Ningekaa kimya?"

"Ndiyo! Ungekaa kimya! Hilo ndilo jambo ambalo Mungu hajakujaalia!"

"Na wewe umekaa kimya, imekusaidia nini?" Zeina akamkazia macho. "Mtu katembea mjini anasema Khalil anauza gari, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa, maana hakuna anayejua lako lolote. Mimi nimekosa, nakubali, kadi sikutakiwa kuionyesha. Lakini mwizi hakuingia kwa mlango wangu tu."

Khalil alichagua neno baya. Akasema kwamba tangu amuoe hajawahi kumwamini kwa siri hata moja, na kwamba kumbe alikuwa na haki. Rahaf, aliyekuwa mlangoni na glasi ya maji ya baba yake, alisikia. Zeina alifunika sanduku. Akainuka, akachukua simu yake, akaingia chumbani na kufunga mlango, na nyumba ikatulia kwa namna ambayo Khalil hakuizoea wala hakuipenda.

Jioni shangazi wa bwana harusi alipiga simu. Alikuwa amesikia, kama mji mzima ulivyosikia. Akasema kwa sauti ya asali kwamba wao hawana neno, wangekodi gari la kisasa lenye kiyoyozi, Mzee Khalil asijihangaishe, kila mtu ana uwezo wake. Khalil alishukuru, akakata simu, akakaa akiitazama sehemu ya uani ambapo zilibaki shuka mbili za kitanda zimekunjwa juu ya tofali.

"Baba," Rahaf akasema, "mimi hata kwa bajaji nitaenda."

"Hutaenda kwa bajaji."

"Basi kaongee na mama."

Alijaribu. Aligonga mlango wa chumba chake mwenyewe, akajibiwa kutoka ndani kwamba anaongea na simu. Na kweli alikuwa akiongea, kwa sauti ya chini, na mtu mmoja baada ya mwingine. Khalil aliweka sikio mlangoni, akaambulia neno moja tu: "Alhamisi."

*

Alhamisi Khalil aliitwa kituoni. Alipofika alidhani amekosea njia, maana ua wa kituo ulikuwa umejaa wanawake. Walikuwepo wenye mabuibui na wenye magauni ya vitenge, wenye watoto mgongoni na wenye wajukuu mkononi, wauza vitambaa wa Kariakoo, mwalimu mmoja na daftari zake za kusahihisha, na bibi mmoja kutoka Buguruni aliyeletwa na kiti chake. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Katikati yao alisimama Zeina, mtandio umefungwa kiunoni kikazi, na Melkiori alikuwa amejibanza ukutani akionekana mdogo kuliko siku ile barabarani.

"Mzee, hawa wote ni maharusi wako," Sajini Agnesi alimwambia. "Mkeo anasema kuna kitu ndani ya gari ambacho wao wanakijua, wewe hukijui."

"Mimi? Kwenye gari langu?" Khalil nusura acheke. "Afande, kila msumari wa gari lile naujua kwa jina."

Zeina alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akatabasamu kidogo.

"Baba Rahaf, nilimwapia marehemu mama yako. Yeye, Bi Shamsa, ndiye aliyeanzisha, akanikabidhi mimi, akasema mwanamume yeyote asijue, na wewe kuliko wote. Nimewaomba ruhusa hawa wenzangu mmoja mmoja. Wamekubali. Lakini hatusemi kwa sauti."

Ikafanyika hivi. Sajini aliwaita wanawake ofisini mmoja mmoja, akafunga mlango, na kila mmoja akamnong'oneza aliacha alama gani ndani ya gari siku ya harusi yake, na sehemu gani. Sajini aliandika. Kila aliyetoka alitoka anacheka, na Sajini mwenyewe alizidi kunawiri uso. Wa mwisho alikuwa mwanamke mrefu mwenye mkoba mwekundu, aliyeingia mbio kutoka nje ya geti, na Melkiori alipomwona akajishika kichwa.

"Clotilda! Nani kakuita?"

"Dada Zeina. Anasema kuna mwanamume kanunua gari la harusi yangu kwa siri." Mkewe alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Ndiyo maana mwezi mzima unaniambia biashara ngumu?"

"Ilikuwa zawadi, mke wangu..."

"Ngoja nitoke ndani nitakuja kuipokea."

Alipotoka, Sajini Agnesi alichukua karatasi yake na kuwaongoza wote hadi kwenye magari. Alianza na la Melkiori. Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono katikati ya siti na kuvuta kile kiegemeo cha mkono kinachokunjwa kwenda juu.

"Hivyo huvunjika bawaba!" Khalil akaropoka. "Kwenye langu pia kimevunjika, hakishuki, kina miaka..."

Hapo wanawake walicheka. Walicheka wakashikana mabega, bibi wa Buguruni akipiga mguu wa kiti chake kwa fimbo. "Kimevunjika!" waliambizana. "Maskini, kimevunjika!" Khalil akamgeukia mkewe.

"Ni wewe uliyeniambia kimevunjika."

"Mama yako alimwambia baba yako vile vile," Zeina akasema.

Kwenye gari la Melkiori kiegemeo kilishuka, na nyuma yake palikuwa na kitambaa kipya, cheupe, kisicho na doa. Wote wakahamia la pili. Sajini akavuta, kikashuka pia, laini kabisa. Kwenye kitambaa kile cha zamani, sehemu ambayo kiegemeo huificha, kulikuwa na alama za vidole vya hina, moja kando ya nyingine, safu kwa safu. Za juu zilikuwa zimefifia zikawa rangi ya chai, za chini bado zilikuwa zimekoza. Kila bibi harusi aliyepandishwa katika gari lile, kabla halijaondoka, alichovya kidole kwenye hina iliyokuwa mkobani mwa Bi Shamsa, na baadaye mkobani mwa Zeina, akakibandika pale na kuomba dua ya nyumba yake mpya. Waliokuwa hawapaki hina waliacha rangi ya kucha.

Sajini alisoma karatasi yake kwa macho, akawaita kimyakimya. Mwalimu, kidole gumba pembeni kushoto. Bibi wa Buguruni, safu ya kwanza, vidole viwili maana alikuwa na wasiwasi. Kila mmoja alikuta cha kwake pale pale aliposema. Clotilda aliinama, akaonyesha kidoa chekundu cha rangi ya kucha kwenye kona ya chini, mkono mwingine ukiwa mdomoni.

"Melkiori," akasema bila kugeuka. "Njoo uone. Siku ile nilikuwa natetemeka."

Melkiori alisogea, akatazama. Kisha akamwendea Khalil na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee, nisamehe. Nimekuita mwizi mbele ya watu."

"Na mimi nimekuita hivyo moyoni, tena mara nyingi," Khalil akajibu. "Tusameheane."

Sajini Agnesi alikuwa ameshatoa simu apige picha kwa ajili ya jalada, lakini Zeina alimfikia kwanza, akatandaza mtandio wake juu ya siti.

"Picha hapana, Afande."

"Mama, huu ni ushahidi."

"Ndiyo. Na ushahidi ukishapigwa picha, kesho dalali mwingine atanunua koni ya hina." Zeina alisema taratibu, bila jazba. "Mimi nimeshafanya kosa hilo mara moja. Andika kwamba alama ipo, wenye alama wamekuja, na wewe umeiona kwa macho yako. Hilo mtangazie yeyote. Ilivyo na ilipo, tuachie sisi."

Sajini alifikiri. Akarudisha simu mfukoni, akaandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti: "Alama ya siri imethibitishwa na mashahidi mbele yangu, na haitaelezwa humu." Akagonga muhuri. Kuhusu dalali, alisema namba yake ya simu ilishafuatiliwa hadi kwenye karakana moja Buguruni, na kwamba gari la pili litabaki pale mpaka lijulikane liliibwa wapi. Wanawake walipiga vigelegele ndani ya kituo cha polisi, na askari wa zamu akatoka mbio akidhani kuna mahabusu ametoroka.

Khalil hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama mkewe, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa maneno mengi, na ambaye alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo bila kumwambia kuhusu kiegemeo cha mkono. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo aliona furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

"Zeina," akamwambia walipokuwa wakilitoa gari getini, "lile neno nililokuambia Jumatatu..."

"Nililisikia."

"Nalifuta. Nilikuwa mpumbavu."

"Hilo nalo nilijua," Zeina akasema, "ila nililitunza."

*

Ijumaa Zeina aliandika tena kundini, mumewe akiwa ameketi kando yake anasoma kila neno. Aliandika kwamba gari la Mzee Khalil haliuzwi, halijawahi kuuzwa, na anayetaka kujua aje dukani amuulize mwenyewe, atajibiwa kwa sauti. Hakuweka picha yoyote. Khalil aliirudisha kadi kabatini, akafunga, na ufunguo akampa mkewe.

Jumamosi alasiri Melkiori alileta kreti za soda hadi mlango ukawa haupitiki, na Clotilda akaja na sufuria yake ya nyama ingawa hakuna aliyemwomba. Shangazi wa bwana harusi alilizunguka gari, akagusa boneti kwa ncha ya kidole, akasema kwamba kweli vitu vya zamani vina heshima yake. Safari hii namba hazikufunikwa. Khalil alikuwa ameupeleka ule utepe juu ya boneti, na maua yake yote, kila mwenye macho asome.

Rahaf alitolewa akiwa amefunikwa, mashangazi wamemzunguka, udi unafuka mbele yake, na wapiga matarumbeta wakaanza kabla hata hajafika mlangoni mwa gari. Akapandishwa nyuma na mama yake. Khalil aliketi kwenye usukani na kanzu yake mpya, akawasha, injini ikaitika mara moja. Barabara ilikuwa imezibwa na watu na magari ya msafara, wote wakipiga honi.

"Tuondoke?" akauliza.

"Bado," Zeina akasema nyuma yake. "Tazama mbele, Baba Rahaf."

Khalil akanyoosha mkono, akakigeuza kioo cha ndani kikatazama juu, kwenye silingi. Akasikia mkoba unafunguliwa. Akasikia kiegemeo kinashuka. Kisha ikawa kimya huko nyuma, kimya ambacho tarumbeta hazikukifikia, na ndani yake binti yake alikuwa anaomba kitu kwa sauti ndogo ambayo yeye hakutakiwa kuisikia. Machozi yalimtoka, akaacha yatoke.

Dereva wa gari la nyuma alipiga honi kwa hasira. Mtu akapaza sauti akiuliza kama Pijo limegoma.

"Baba," Rahaf akasema, "tunakuchelewesha?"

"Chukua muda wako, mama," Khalil akajibu, macho yake barabarani, na hakugeuka.